Magoti yanayouma usiku na mshale wa pili wa Buddha

Mkuu aliyeuliza kama mazoezi ya kutafakari (meditation) ya Wabudha yanaweza kumsaidia mama yake mwenye magoti yanayouma usiku, bila kubadili dini: yanaweza. Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Marekani, aliyaingiza hospitalini huko Massachusetts mwaka 1979, programu (leo ni ya wiki 8) kwa wagonjwa wa maumivu sugu, bila ibada yoyote.

Ila mama ajue kwanza yanatibu nini. Katika Sallatha Sutta, moja ya hotuba zake za kale, Buddha anasema mtu asiyefunzwa akiumwa huchomwa mishale miwili. Wa kwanza ni maumivu ya mwili. Wa pili ni huzuni na kuhangaika juu yake: "hadi lini?", "nitakuwa mzigo kwa wanangu". Zoezi linashughulika na huo wa pili. Akilifanya ili goti liache kuuma, atakuwa anapima kila dakika kama limeacha, na atachoka haraka.

Alale chali, mto chini ya magoti. Kukunja miguu si lazima, na kwa goti bovu ni kujiumiza bure. Aanze na dakika 10, saa ambayo maumivu ni madogo, asisubiri yapambe moto. Dakika 2 au 3 afuate pumzi tumboni. Kisha akili aipeleke mahali pasipouma, viganjani kwa mfano, itulie hapo. Ndipo asogee gotini, aanzie pembeni. Kuna joto? Kunakaza? Kunadunda? Ataje kimoyomoyo, "joto, joto", kama wanavyofundisha wafuasi wa Mahasi Sayadaw, mtawa na mwalimu wa kutafakari wa Myanmar. Likija wazo la kesho, alitaje nalo: "hofu, hofu". Ataona maumivu hayatulii, yanapanda, yanashuka, yanahama. Pumzi tano sita zinatosha, arudi viganjani, kisha aende tena.

Wengi wanaharibu hapo pa kurudi. Wanang'ang'ania panapouma, misuli inakaza, maumivu yanazidi, wanaacha kabisa.

Akizidiwa, ageuke au apumzike, wala asione ameshindwa. Buddha mwenyewe aliwahi kuumwa mgongo katikati ya mafundisho, akamwachia mwanafunzi wake Ananda aendelee, yeye akajilaza.

Dawa asiache. Goti likivimba ghafla, likawa la moto au akapata homa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.