Wanangu, ndege hawapigiwi makofi

Jumamosi nimewaona vijana wetu wapya wawili wa kutembeza wageni juu ya daraja la mbao, maji ya bamvua yamefurika mikokoni, wanawapigia chamchanga, ndege wadogo wa pwani, makofi ili mgeni apate picha ya ndege wakiruka. Nilitaka kuwagombeza, nikakumbuka yangu. Basi sikizeni.

1. Jueni maji kabla ya kujua ndege. Kujaa na kupwa kwake kila siku hukawia kama dakika 50, kwa hivyo saa ya jana usimpe mgeni wa leo. Fikeni yakianza kupwa, tope likichungulia karibu na daraja.

2. Makofi. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Machi, kaskazi inakwisha, nilikuwa na wageni sita hapa mto Kombeni unapomwaga maji yake kwenye hori ya Tudor, Mombasa. Maji yamejaa pomoni. Chamchanga wamebanana kwenye kipande cha mchanga kisichozidi mkeka, masululu, ndege wengine wa pwani, wako juu ya matawi ya mikoko. Nikapiga kisigino ubaoni. Wakaruka, wageni wakashangilia! Wakatua, nikapiga tena. Mara ya tatu mgeni mmoja alisema simu yake haikuwa tayari, nami, mpumbavu, nikapiga ya nne. Hawakurudi. Mmoja alibaki nyuma, anaruka chini chini juu ya maji, na kunguru wetu hawa wa mjini wakamwandama wawili. Mzee aliyekuwa akivua kwa mshipi kwenye mtumbwi aliniuliza tu, "Wamekukosea nini?"

Na mimi nilikuwa nimeviona vifua vyao vimeshaanza kuwa vyekundu! Mwalimu wangu alishanifundisha: chamchanga wa mdomo uliopinda akigeuka rangi hivyo, safari imekaribia, anakwenda Siberia kutaga. Mafuta yaliyo mwilini ndiyo nauli yake. Maji yakijaa hana pa kula, ana pa kusimama tu, na hapo ndipo nilipomfukuza. Bakhshishi ya siku ile ilikuwa nono. Nilinunulia viatu, na kila nikivivaa namsikia yule mzee.

3. Mdiria wa mikoko mdomo wake wote mwekundu. Ukiona chini mweusi, huyo ni mwengine, na msibishane na bibi mwenye kitabu cha ndege.

4. Kamba ya darubini ikae shingoni, si mkononi. Yangu ya kwanza iko topeni karibu na nguzo ya saba. Anayeitaka akaichimbe, awaombe kaa ruhusa.