Kilifi hadi Tanga peke yako? Ngoja kaskazi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kushuka peke yako kwa boti ndogo ya tanga toka Kilifi hadi Tanga mwezi Julai. Nakusihi ngoja kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini. Julai ni kusi, msimu wa upepo utokao kusini: upepo na mkondo vyote vinakuja usoni, utapiga bisho, yaani kwenda upande huu na ule dhidi ya upepo, mpaka mikono iishe nguvu na hakuna wa kukupokea usukani. Januari au Februari upepo unakusukuma. Mkondo bado unapanda kaskazini, ila umepungua ukali.

Milango ya miamba, yaani mapengo ya kupitia kuingia pwani, ingia asubuhi, jua likiwa mgongoni. Maji ya kahawia ni mwamba, kaa mbali. Alasiri jua linakupiga machoni, huoni kitu. Usiku tia nanga, maana nyavu na mashua zisizo na taa ni nyingi mno.