Chupa ya mwisho isipojaa, usiifunge na kuichemsha

Anayesindika matunda nyumbani anaijua chupa hii. Jamu ya embe imekwisha sufuriani, maji ya kuchemshia chupa yanatokota, na chupa ya mwisho imefika nusu tu. Mkono unatamani kuifunga hivyo hivyo na kuitumbukiza pamoja na nyingine. Iache. Nasindika hapa Mwanza kila msimu wa embe na kila ninapopata mananasi mazuri ya Geita, na hakuna jambo ambalo kina mama wenzangu huniuliza zaidi ya hili.

Ile nafasi kati ya chakula na kifuniko ina kazi. Kwa jamu iwe kama milimita 6. Kwa vipande vya matunda kwenye maji ya sukari, sentimita moja na ushee. Chupa inapochemka, hewa ya hapo juu hutanuka na kutoka pembeni mwa kifuniko. Ikipoa, ile kidogo iliyobaki husinyaa na kukivuta kifuniko chini kikabana. Nafasi ikiwa kubwa mno, muda wa kuchemsha hautoshi kuitoa hewa hiyo. Kifuniko huenda kisibane kabisa, au kibane huku hewa nyingi imebaki ndani na jamu ya juu ibadilike rangi. Kujaza hadi mdomoni nako hakufai, maana jamu hupanda, ikachafua ukingo, na kifuniko hakishiki.

Mimi huchemsha chupa ndogo mbili tatu pamoja na zile kubwa tangu mwanzo, ili kinachobaki kipate chupa ya saizi yake. Kisipojaza hata hiyo ndogo, kinaingia kwenye friji na kinaliwa kwanza. Huna friji? Jioni hiyo hiyo kiliwe na chapati, na watoto wa jirani waitwe. Tafadhali usiongeze maji ya moto ili chupa ionekane imejaa. Unapunguza sukari na uchachu wa limao, na hivyo ndivyo vinavyoilinda jamu yako.

Chupa uliyoijaza vizuri, kisha ukaitoa sufuriani ukakuta maji yake yameshuka, ina hukumu nyingine. Kama kifuniko kimebana, usikifungue ili kuongeza, kwa sababu ukifungua umeivunja kazi yote. Vipande vilivyobaki juu ya maji vitakuwa vyeusi kidogo lakini havijaharibika. Itumie chupa hiyo mapema. Ila kama nusu ya maji au zaidi imepotea, iweke kwenye friji uimalize ndani ya siku 2 au 3.

Maji hupotea hasa kwa sababu ya haraka na moto usiotulia. Mkaa hupanda na kushuka, kwa hiyo chochea kidogo kidogo. Pitisha kijiti safi ndani ya chupa kutoa mapovu kabla ya kufunga. Maji ya sufuria yavifunike vifuniko kwa sentimita 2 na nusu hivi, na muda ukiisha, epua sufuria, funua, subiri dakika 5 ndipo utoe chupa.

Na muda wenyewe, ndugu zangu wa Mwanza, Musoma na Bukoba, tusikosee. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maelekezo yanayosema jamu ichemshwe dakika 5 ni ya watu wa pwani. Sisi tunachemsha dakika 10, tukihesabu kuanzia maji yanapotokota.

Embe lililoiva sana na papai hazina uchachu wa kutosha, kwa hiyo zinahitaji limao au ndimu. Sato na maharage usivisindike kwa njia hii hata kidogo: mbegu za bakteria wa sumu ya botulini hazifi kwenye maji yanayochemka, na sumu yake inaua.

Ziache chupa zipoe bila kuzigusa hadi kesho yake, kisha bonyeza kifuniko katikati. Kikibonyea na kurudi juu, hakikubana. Ndani ya saa 24 unaweza kuichemsha jamu upya, ukaitia kwenye chupa safi yenye kifuniko kipya na kurudia dakika zako 10, au uipeleke kwenye friji pamoja na ile isiyojaa.