Kata, Dada, Kata!

Juzi dada mmoja wa Korogwe kaniandikia: "Dada, nimenunua cherehani tangu Ramadhani ya mwaka jana. Mpaka leo sijakata kitambaa hata kimoja. Naogopa kuharibu." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Yangu ilikaa miezi minane sebuleni, hapa Ngamiani, Tanga, imefunikwa kanga, wageni wakiiwekea vikombe vya chai.

Si uvivu, jamani. Video nilikuwa naangalia usiku kucha. Kupima kifua, kiuno, nyonga, nilijua. Ila nikishika mkasi tu, jasho. Uzi unafumuliwa, kitambaa kikishakatwa ndiyo basi.

Siku niliyojipa moyo nikaanza na satini, gauni la harusi ya binamu yangu. Nani alinituma satini! Nikakata mkono wa kwanza, nikahamisha patani, ile karatasi ya kukatia, nikakata wa pili bila kuigeuza. Mikono miwili, yote ya kushoto. Kitenge kingenisitiri, kile rangi imeingia pande zote mbili, unageuza tu. Satini ina ndani na nje. Harusini nikaenda na gauni la dukani, na shangazi mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, la kwako liko wapi?" Miaka mitano sasa. Namwamkia, shikamoo natoa, lakini sijasahau.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayeshonea barazani, Barabara ya 12. Nilimpelekea ile mikono nikidhani ana dawa. Akaitandaza mapajani, akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Binti, mimi yangu ilikuwa suruali ya mwalimu, miguu yote ya kulia. Kanunue marekani, kile kitambaa cheupe cha bei rahisi, uharibu mpaka uchoke."

Nikaharibu magauni manane. Moja kwapa lilibana hata mkono haunyanyuki. Jingine kola ilisimama kama sikio la punda. La tisa mama alilivaa sokoni. Labda alinionea huruma, lakini alilivaa!

Sasa wewe wa Korogwe, na ninyi wenzake mnaosoma kimya kimya, nisikilizeni. Chukua shuka kuukuu. Pamba iloweke kwanza, isije ikarudi ikifuliwa. Acha inchi nzima ya kukunjia, maana nguo kubwa hupunguzwa. Halafu kata. Mnataka duka, mnataka wateja wa Idi wapange foleni, na shuka la zamani linawatoa jasho? Kata, nimesema.

Ile mikono ya kushoto nimeitundika ukutani, juu ya cherehani. Wateja wakiuliza nasema ni mapambo. Jana kaja bibi harusi na satini ya rangi ya maziwa, mita sita. Nikaweka patani, nikaigeuza, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaiangalia tena upande wa pili.