Wasomaji Wanauliza: Kula Bata Kwenye Chuo cha Watu 50,000

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wazazi na wanafunzi wanaoelekea vyuo vikuu vya majimbo huko Marekani, au waliokwisha kufika. Ni vile vyuo vya serikali ya jimbo vyenye wanafunzi 40,000, 50,000 na zaidi. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Salaam wahariri. Mwanangu ana miaka 18, amepata nafasi kwenye chuo kikubwa cha jimbo. Binamu yake kanitumia orodha inayosema hicho ni chuo cha ulevi. Nimkatalie? (Mama, Tanga)

Mama, usimkatalie kwa sababu ya orodha. Kwenye chuo kikubwa kiasi hicho kila aina ya maisha ipo: ghorofa moja ya bweni inakesha na muziki, ya juu yake watu wamelala saa nne. La muhimu ni kijana ataangukia upande gani, na sehemu kubwa ya hilo huamuliwa kabla hajapanda ndege.

Kwanza bweni. Vyuo vingi vikubwa vina mabweni au korido ambazo wakazi wake husaini kwamba hakutakuwa na pombe wala dawa za kulevya humo, hata kwa aliyefikisha umri. Kuna pia mabweni ya fani, ambako wanafunzi wa uhandisi, kwa mfano, huishi pamoja na kuchukua baadhi ya masomo pamoja. Yote mawili huchaguliwa kwenye fomu ya makazi, na nafasi huwahi kwisha. Asiyechagua hupangiwa popote.

Pili ratiba. Kwa wanafunzi wengi wa kule wikendi huanza Alhamisi usiku. Mwenye kipindi cha saa mbili asubuhi siku ya Ijumaa ana sababu ya kwenda kulala ambayo haimlazimu kumweleza mtu dini yake wala malezi yake. Akijisajili masomo, aweke hicho kipindi.

Kisha ujue sheria yenyewe. Umri wa kununua pombe ni miaka 21 nchi nzima, kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 ilitishia kuyakata fedha za barabara majimbo yatakayokataa. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili hawajafika umri huo. Hawaachi kunywa, wanakunywa majumbani, mahali pasipo na mhudumu wa baa wa kuhesabu wala wa kusema "wewe basi".

Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari zaidi: mitihani iko mbali na kila mtu anatafuta wenzake. Mpigie simu mara nyingi kipindi hicho kuliko wakati wa mitihani. Na badala ya kumuuliza "ulikunywa?", muulize "ulirudi na nani?" Jibu la swali hilo litakueleza mengi zaidi.

Shikamooni. Nina miaka 22. Kwenye sherehe za nyumbani unapewa kikombe chekundu cha plastiki, kinywaji kimechotwa kwenye ndoo. Nikinywa viwili tu, kesho yake sikumbuki nilivyofika kitandani. Wenzangu wanasema mimi dhaifu.

Marahaba. Wenzako hawajapiga hesabu. Marekani kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 14 za alkoholi tupu: bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au mvinyo mililita 150 wenye asilimia 12, au pombe kali mililita 44 yenye asilimia 40. Mwili hutoa takriban kipimo kimoja kwa saa, na hakuna cha kuuharakisha. Kahawa na maji baridi vitakupa mlevi aliye macho.

Sasa chukua ndoo ya lita 20. Wenyeji wamemimina chupa tano za vodka za lita 1.75, wakajazia juisi, unga wa sharubati na barafu. Humo mna lita 3.5 za alkoholi, yaani asilimia 17 na ushee. Kikombe cha mililita 350 kina karibu gramu 48, ambavyo ni vipimo vitatu na nusu. Viwili vyako ni saba. Kwa mwanamume, vipimo vitano ndani ya saa mbili vinatosha kumfikisha kwenye 0.08, kiwango ambacho majimbo karibu yote humhesabu dereva kuwa amelewa; kwa mwanamke ni vinne. Na hiyo ni vodka ya kawaida. Baadhi ya majimbo huruhusu kuuzwa pombe ya asilimia 95, na wapo wanaoitia hiyo kwenye ndoo. Sukari na ubaridi huficha ladha, kwa hiyo ulimi wako hauwezi kukusaidia.

Kusahau nako usikuchanganye na usingizi. Alkoholi ikipanda haraka damuni, hasa tumbo likiwa tupu, ubongo huacha kuandika kumbukumbu huku wewe ukiendelea kutembea, kuongea, hata kukubali mambo. Ndiyo maana wenzako walikuona mzima.

Basi: kula mlo kamili kabla ya kutoka, wenye nyama au maharage na mafuta kidogo, siyo bisi za mlangoni. Kunywa kilichofungwa na ukifungue mwenyewe. Kimoja kwa saa, na katikati maji. Ukikiweka kikombe chini ukaondoka, usikirudie. Cha ndoo kiache, kwa sababu hata aliyekichanganya hajui kina nini baada ya mwenzake kuongezea chupa saa tano usiku.

Mtu akizimika, usikubali neno la "mwacheni alale, itamtoka". Kilichomo tumboni bado kinaingia damuni, na hali inaweza kuwa mbaya zaidi saa nzima baada ya kinywaji cha mwisho. Mwite jina na mbonyeze begani. Haamki, anatapika akiwa usingizini, anapumua chini ya mara nane kwa dakika au anakaa sekunde kumi bila kuvuta pumzi, midomo imegeuka bluu au ngozi ni ya baridi na majimaji: lolote kati ya hayo likitokea, piga 911, namba ya dharura ya kule. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa mbele ili asigeuke, uso ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje. Usimwache peke yake. Majimbo mengi yana sheria inayomkinga anayepiga simu, na mgonjwa, dhidi ya mashtaka ya kunywa chini ya umri, mradi mpigaji abaki pale, ataje jina lake na ashirikiane na wahudumu. Soma masharti ya jimbo lako leo, ukiwa na akili timamu.

Kaka yake rafiki yangu ana miaka 23 na tunafanana. Ananipa kitambulisho chake niingie baa. Kuna ubaya?

Upo. Kutumia kitambulisho cha mtu mwingine ni kosa la jinai kwenye majimbo mengi, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi rekodi ya polisi haiishii kwa polisi. Kwa kuendesha gari umelewa, kukamatwa tu, kesi haijasikilizwa, kunatosha viza kufutwa. Bangi nayo: hata jimbo likiiruhusu, sheria ya shirikisho inaikataza, na uhamiaji ni mambo ya shirikisho. Mrudishie kaka yake.

Shikamooni wahariri. Nimefika Agosti, sasa ni Oktoba. Nimekwenda sherehe karibu kila Jumamosi na sina rafiki hata mmoja. Kila mtu anasema "tutafutane", halafu kimya.

Marahaba. Kwenye sherehe ya watu 200 karibu kila mtu amekuja na wake na ataondoka nao, na muziki haukuachii nafasi ya zaidi ya jina na fani. Ni mahali pa kwenda na marafiki, pagumu kuwapata. Halafu "tutafutane" ya kule ni kuagana kwa adabu, na "habari yako" yao ni salamu ya kupita. Ukimpenda mtu, taja siku, saa na mahali: "Alhamisi saa kumi na mbili jioni nakula kantini ya bweni lako, njoo." Akikataa mara mbili bila kutaja siku nyingine, achana naye bila kinyongo.

Urafiki kwenye chuo kikubwa hutokana na kuonana na nyuso zilezile kila wiki. Tafuta vitu viwili vinavyokutana kila wiki vyenye watu wasiozidi 25 hivi. Maonyesho ya vikundi vya wanafunzi hufanyika mwanzoni mwa muhula. Ukiyakosa, orodha iko kwenye tovuti ya chuo, na vikundi vingi hupokea watu tena Januari. Ligi za ndani za soka daima zina timu iliyopungukiwa mchezaji mmoja. Uliza dawati la kituo cha michezo, wana orodha ya wachezaji wasio na timu.

Na unayo karata ambayo wengi hawana. Vyuo kadhaa vikubwa vya majimbo, kama Wisconsin–Madison, Indiana na Michigan State, vimekuwa vikifundisha Kiswahili, na wanaojifunza lugha wanatafuta mtu wa kuongea naye. Chako kikiwa na darasa hilo, mwandikie mwalimu ujitolee saa moja kwa wiki. Utakaribishwa kwa mikono miwili.

Darasani, mhadhara wa watu 300 usikuumize kichwa. Tazama kile kipindi kidogo cha mjadala, cha watu 20 au 30. Kaa kiti kilekile, na wiki moja kabla ya jaribio la kwanza waambie wawili walio karibu nawe mjisomee pamoja. Kazi ya ndani ya chuo, jikoni au maktaba, nayo huleta marafiki haraka. Viza yako inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Vumilia wiki sita kwenye kikundi kabla ya kusema hakifai. Wengi huacha baada ya ya pili, wakati bado hakuna aliyeshika jina lao.

Nimealikwa kujiunga na frateniti. Ni kitu gani hasa, na yale manyanyaso tunayosikia ni kweli?

Ni vyama vya wanaume vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, vingi vikiwa na nyumba yao. Vya wanawake ni sororiti. Vipo pia vyama tisa vya asili ya Wamarekani Weusi. Alpha Phi Alpha, cha kwanza kati ya hivyo, kilianzia chuo cha Cornell mwaka 1906, na huko utakuta zaidi huduma kwa jamii na ngoma ya kupiga miguu kwa mpangilio kuliko nyumba ya ulevi. Ada hutofautiana mno, kuanzia mamia ya dola kwa muhula hadi maelfu, kwa hiyo omba orodha ya malipo yote kwa maandishi kabla ya kukubali.

Manyanyaso ni kweli. Waliosoma bweni wanakumbuka njuka walivyofanyiwa. Hapa ongeza chupa. Timothy Piazza, mwanafunzi wa Penn State, alikufa mwaka 2017 baada ya usiku wa kupokea wanachama wapya uliojaa pombe. Aliumia kwa kuanguka, na saa nyingi zikapita kabla ya msaada kuitwa. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kuchapisha ripoti inayotaja kwa jina vyama vilivyokutwa na makosa hayo. Tafuta ripoti ya chuo chako kwanza. Ukiambiwa uache simu mlangoni, usimwambie mtu ulipo, au umalize chupa "ya familia", ile ambayo mwanachama mpya hupewa na mlezi wake chamani, ondoka palepale.

Kwa dada zetu: sororiti nyingi kubwa haziruhusu pombe nyumbani kwao, kwa hiyo sherehe huhamia kwa wanaume, na wanaume ndio wenye mlango, ndoo na vyumba vya ghorofani. Nendeni watatu, mrudi watatu.

Sinywi pombe. Jumamosi za mpira nitafanya nini?

Nenda! Mpira wenyewe ni futiboli ya Kimarekani. Uwanja wa chuo cha Michigan unabeba zaidi ya watu 107,000, na ile karamu ya kwenye maegesho kabla ya mechi ni nyama ya kuchoma, viti vya kukunja na michezo ya kurusha mifuko. Nenda na trei ya kuku, hakuna atakayekuuliza unakunywa nini. Viwanja vingi hutaka begi liwe la plastiki angavu, na ukitoka kabla ya mwisho, vingi havikurudishi ndani.

Tunaishi wanne kwenye apatimenti nje ya chuo. Tunataka kualika watu 30, polisi wasije.

Someni mkataba wa pango kwanza, mingi ina kikomo cha wageni. Msitangaze kwenye mitandao. Kila mwalikwa huja na mmoja, kwa hiyo 30 ni 60. Ukitaka 30, alika 15. Msitoze kiingilio penye pombe, kwani mtahesabiwa mnauza bila leseni, na aliye chini ya miaka 21 akinywea kwenu, kwenye maeneo mengi ni kosa la wenye nyumba hata kama alikuja na chupa yake.

Jirani apewe taarifa siku mbili kabla, na namba ya simu ya mmoja wenu atakayebaki bila kunywa, pamoja na saa ya mwisho. Atakupigia wewe kabla ya kuwapigia polisi. Spika isikae sakafuni wala isigusane na ukuta wa jirani. Iwekeni juu ya godoro au sponji, maana besi ndiyo inayopita ukutani. Saa nne usiku fungeni madirisha. Hata hivyo, muziki mara nyingi si kosa lenu kubwa: malalamiko mengi huletwa na watu waliosimama ngazini na barazani wakiongea kwa sauti. Mtu mmoja akae mlangoni kuwarudisha ndani.

Chakula cha watu 30: mchele kilo tatu, vipande 60 vya kuku, maji lita 30. Vyumba vya kulala vifungwe, dawa zenu zifichwe. Polisi wakibisha, asiyekunywa atoke nje, avute mlango nyuma yake, aombe radhi, na muziki uzimwe papo hapo. Mara ya kwanza kwa kawaida huishia kwenye onyo, mkiwa mmezima. Wakirudi mara ya pili usiku huohuo, faini huandikwa kwa majina yaliyo kwenye mkataba.