Miti utakayoiona ukivuka Beitbridge kuelekea Musina

Kaka umeuliza ile miti iliyojaa barabarani ukitoka Beitbridge, pale mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, kuingia jimbo la Limpopo ni miti gani, mingi ni mopane hiyo, na huwezi kuikosea maana jani lake limegawanyika mara mbili kama mabawa ya kipepeo, jua likiwaka sana yanajikunja yanasimama wima, ndo maana mchana ukikaa chini yake hupati kivuli cha maana. Likamate jani ulifikiche mkononi, linanuka kama tapentaini kabisa. Halafu wale viwavi wanaouzwa wamekaushwa sokoni wanakula majani hayohayo, ni chakula cha watu na ni kitamu aisee, mi nawapenda wakikaangwa na nyanya na kitunguu.

Mibuyu ipo mingi tu pale mji wa Musina, hiyo unaijua toka nyumbani.

Ukishuka upande wa mji wa Phalaborwa, hukohuko Limpopo, ndo unakuta marula, na huo si mgeni kwetu, ni mng'ongo uleule. Tunda linadondoka likiwa bado kijani, linaivia chini hapohapo mpaka linakuwa njano, na mti dume hauzai kwahiyo usishangae mmoja una matunda wa pembeni hauna hata moja. Usitupe kokwa, ipasue kwa jiwe taratibu, ndani kuna punje ndogo zina mafuta balaa.

Na ukiona mgunga wenye gome la kijani njano karibu na maji, kaukague, gome lina unga unga unabaki kwenye vidole.