Uliza Fundi wa Matangi: Karantini ya samaki wa maji ya chumvi

SWALI: Salaam aleikum fundi. Niko na tangi la maji ya chumvi la lita 300 hapa Nyali, mwaka wa pili huu, lina matumbawe laini, kamba wawili na samaki saba. Mwezi uliopita nililetewa kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la njano, amevuliwa huku kusini, anang'aa wallahi, nikamtia moja kwa moja. Siku ya tisa akaamka amejaa vidoa vyeupe kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Sasa nimebaki na samaki watatu na wote wanajikuna kwenye mawe. Dukani wameniuzia dawa ya shaba wakasema nimwage humo humo tangini, moyo umesita. Jamaa yangu anasema ningekuwa na tangi la karantini haya yasingenipata, lakini mke wangu naye ashasema tangi la pili likiingia mlangoni yeye anatoka. Nifanyeje? — Msomaji, Nyali

JIBU: Waaleikum salaam, na pole sana. Moyo wako umesita pazuri, hiyo dawa iache kwa chupa kwanza. Shaba inaua kamba, inaua konokono, inaua matumbawe, na zaidi ya hapo mawe na mchanga wako vinainywa, kwa hivyo unamwaga dozi ya kuua wadudu asubuhi na jioni ukipima haipo. Nalijua hili si kwa kusoma. Kitambo hicho nilimtilia mgonjwa wangu jiwe moja tu la matumbawe kwa ndoo ya dawa, ati apate pa kujificha maskini, basi kila asubuhi naweka dawa ifike miligramu 0.5 kwa lita, jioni iko 0.2, naongeza, inashuka, naongeza, wiki mbili nzima wadudu wanakula raha mustarehe manake dawa haikukaa juu hata siku moja. Yule samaki alikufa, nikabaki na jiwe.

Huyo kangaja wako ndiye bingwa wa kushika huu ugonjwa, na sura yake siku ya kwanza haikwambii kitu. Kimelea chenyewe kinaitwa Cryptocaryon irritans na maisha yake ukiyaelewa utaelewa kwa nini karantini ni lazima. Kile kidoa unachokiona ni mdudu yuko chini ya ngozi anakula, anakaa hapo siku 3 hadi 7 hivi, halafu anashuka, anajigandisha kwenye mchanga au kwenye kioo ndani ya kifuko, humo anajigawa mara nyingi, kisha wanatoka wadogo wengi kutafuta samaki mwingine, na wasipompata kwa siku moja mbili wanakufa. Sasa angalia mtego ulipo: wakishuka, samaki anaonekana kapona, mwenye tangi anashukuru Mungu anaenda kulala, na kifuko kile kiko mchangani kinahesabu siku.

Kwa hivyo kazi yako ni mbili na zinaenda pamoja. Samaki wote watatu watoke, mpaka yule asiye na kidoa, na tangi kubwa likae bila samaki siku 76. Najua ni nyingi, lakini kuna vifuko vimeonekana maabara vikitoa wadudu mpaka siku ya 72, ndo maana wafugaji wengi wameshika hiyo hesabu. Kamba na matumbawe wabaki, huyu mdudu hawataki, anataka samaki tu. Watupie kijipande cha chakula mara moja moja ili bakteria wa filta wasife njaa.

Sasa habari ya mke. Huhitaji tangi la kioo la kupendeza. Chukua pipa la plastiki jipya, lile pana la kuwekea nguo, la lita 100 au zaidi kwa sababu kangaja anapenda kuogelea, lita 40 zingetosha samaki wadogo tu. Likae veranda pasipopigwa na jua, karantini ikiisha linaoshwa, linakaushwa, linarudi kuwekwa mablanketi (usimwambie lilikuwa na nini). Ndani yake weka hita, hata hapa Mombasa, usiku wa Julai maji ya lita 100 yanapoa haraka kuliko ya 300. Weka themomita, pampu ya hewa na filta ya sponji, na vipande vya paipu za plastiki zile za mabomba, elbo za inchi mbili tatu, ndo nyumba zao. Hakuna mchanga, hakuna jiwe, hakuna urembo. Baya kutazama lakini unaona kila kitu, mpaka kinyesi.

Kinachoua samaki wengi karantini ni amonia, ugonjwa unakuja baadaye. Pipa jipya halina bakteria wa kula uchafu, samaki watatu wanakojoa humo, siku ya pili ukipima kile kichupa badala ya njano kinageuka kijani, na samaki anapumua juu juu. Dawa yake ni sponji iliyokaa kwenye sampu (lile tangi dogo la chini lenye filta) ya tangi kubwa wiki tatu nne ikashika bakteria. Kwa hawa watatu wako unaweza kutoa sponji kwenye tangi lako lenye ugonjwa, hakuna hasara, ugonjwa ni ule ule wanao na shaba itaupiga. Lakini kwa samaki mpya siku za mbele usithubutu, utakuwa umemletea ugonjwa karantini badala ya kumkinga nao. Kama sponji huna, basi pima amonia kila siku na ubadilishe maji, robo au nusu, hakuna njia ya mkato. Na zile dawa za kufunga amonia usizichanganye na shaba, zinaweza kuigeuza ikawa sumu kali zaidi.

Shaba yenyewe, utakayoitia humo pipani, zipo aina mbili na hapa ndo watu wanaua samaki. Kuna ya ayoni ambayo inalengwa karibu na miligramu 0.5 kwa lita, na kuna ile iliyofungwa, hii inaenda 2.0 mpaka 2.5. Ukichukua kipimo cha moja ukatilia nyingine ama hutatibu ama utazika, kwa hivyo soma chupa yako ni ipi, panda polepole kwa siku mbili tatu, nunua kifaa cha kupimia kinachokubaliana na hiyo shaba, na uishikilie hapo siku 30 bila kushuka. Ukibadilisha maji, maji mapya yaingie na dawa yake. Ndoo, neti na mkono wako vya huku visiende kule.

Maji ya bahari ni bure kwetu na ni mazuri, ila chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, si baada ya mvua, na uyaweke kwenye mitungi iliyofunikwa, yenye hewa, wiki mbili kabla ya kuyatumia. Na stima ikipotea uwe na ile pampu ndogo ya betri.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeletewa samaki wawili aina ya kipepeo, nimewaweka kwenye ndoo kubwa siku tatu nawaangalia, wanakula, hawana doa hata moja. Naweza kuwahamishia tanki kubwa sasa? — Msomaji wa kike, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba dada. Hapana. Siku tatu ni chache mno, mdudu anaweza kuwa ndani ya mashavu usimuone. Wape wiki nne, hata ukiwa hutumii dawa yoyote. Unakijua kisiwa cha Changuu pale mbele ya Unguja? Jina la samaki kabisa. Walijenga jela pale miaka ya 1890, ikaishia kuwa karantini ya wasafiri wa meli kwa hofu ya homa ya manjano, na mtu alikaa pale hata kama alishuka melini anacheka, manake ugonjwa ulikuwa haujaonekana bado.

Vipepeo wana shida yao nyingine, minyoo bapa inayowaganda mwilini, iko kama kioo, huioni. Ukitaka kujua, chukua maji yasiyo na chumvi wala klorini, joto sawa na ndoo yako, pH sawa, tia hewa, muweke samaki dakika tano umesimama hapo hapo. Akilala ubavu kidogo usishtuke sana, akizidi mtoe. Ukiona chini ya ndoo vitu vidogo vyeupe kama magamba ya ufuta, ndo yenyewe, imekufa ikageuka rangi. Hapo utahitaji prazikwanteli, ndiyo, ile ile ya kichocho, ila nunua ya samaki, tibu mara mbili ukiacha wiki moja hivi katikati kwa ajili ya mayai, na hewa iwe nyingi.

SWALI: Fundi mie niko Muscat, nina bunju mdogo ana vidoa na nimesikia shaba haimfai. Niache afe? — Msomaji, Muscat

JIBU: Asife bwana. Ni kweli bunju hana magamba ya kawaida na shaba inamsumbua. Kwa vidoa vya huyu mdudu tuliyemsema unaweza kupunguza chumvi ya karantini mpaka uzito wa maji, ukilinganishwa na maji matupu, uwe 1.009, ushuke kwa siku mbili, ukae hapo mwezi mzima tangu kidoa cha mwisho, kisha upandishe kwa siku kadhaa, kupandisha kuwe kwa polepole kuliko kushusha. Tumia rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, na uihakiki, ukikaa 1.012 ukidhani ni 1.009 unapoteza mwezi wako. Pima pH pia, huwa inaporomoka. Lakini kama vidoa ni vidogo mno kama vumbi la unga na anapumua mbio, huo ni ugonjwa mwingine wa kimelea, unaitwa velveti, kupunguza chumvi hakuiui na inamaliza samaki kwa siku chache, hapo nenda kwa daktari wa mifugo leo hii. Na joto la huko kiangazi weka pampu ya hewa ya pili, maji moto hayashiki hewa, halafu chagua ndoo ya kutosha kina ili ukimhamisha usimtoe nje ya maji, bunju akijijaza hewa badala ya maji kuitoa ni kazi.